Fungu la Mwisho la Nyakato

Boko,
Dar es Salaam.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Auleria,

Salamu nyingi zikufikie huko Tukuyu kwenye baridi. Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa, maana sina hakika kama ukimaliza kusoma utakuwa bado na hamu ya kuitoa. Magoti yanaendeleaje? Shemeji amepona kifua? Tupokigwe aliniambia mwezi uliopita kwamba viazi vimetoka vizuri ila mvua imebomoa ukuta wa banda. Natumaini mmeshaujenga.

Sisi huku hatujambo. Presha yangu iko pale pale na dawa nameza. Monica analalamika kila siku juu ya vumbi la barabara, jambo linaloonyesha kwamba mke wangu ni mzima kabisa. Joto limepungua kidogo, usiku tunajifunika shuka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu zipo. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka thelathini na moja mpaka nilipostaafu. Nikishika simu maneno yananitoka ovyo, nikishika kalamu yanakaa foleni. Isitoshe, kwenye simu ningeweza kukata katikati nikasingizia mtandao, na najijua ningefanya hivyo. Najua pia kwamba macho yako siku hizi hayapendi mwandiko, na Tupokigwe ndiye atakayekusomea. Kwa hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua, ili naye aelewe. Tupokigwe mwanangu, mjomba wako yumo humu ndani, soma tu mpaka mwisho na usiruke mstari.

Ni juu ya mirathi ya mama mdogo Felicitas. Wewe ulikuja msibani Mabibo mwezi wa pili, ukalala pale pale siku mbili, ukaondoka bila kufika Boko. Sikukulaumu. Tupokigwe naye alikaa hosteli za Mabibo miaka mitatu akisoma chuo, na kwetu alifika mara moja, akanywa chai akiwa amesimama. Hilo pia sikulilaumu, ingawa Monica aliumia.

Mama mdogo ameacha nyumba ya Mabibo, kiwanja cha Bunju chenye kisima, na kizimba chake cha ndizi pale sokoni ambacho mikungu ya Bukoba haikukosa hata siku moja. Watoto ni wawili kama unavyojua, Isack na Jesca. Tulipanga kikao cha ukoo siku ya Muungano kwa kuwa kila mtu alikuwa na mapumziko. Siku mbili kabla ya hapo Isack alinipigia simu. Aliniambia, "Braza, njoo na ile karatasi ya mahakama. Mie sitaki maneno na mtu. Tufuate desturi yetu, ishu iishe."

Wewe unaijua karatasi hiyo. Tupokigwe haijui, basi aisikie kwangu.

Mwaka 1987 nilikuwa karani mpya Bukoba. Kwenye kabati la mafaili ya zamani nilikuta shauri la mwaka 1934, watu wakigombea shamba. Shahidi mmoja alikuwa mwanamke mzee sana, na katika kujibu maswali ya baraza alieleza jinsi mali ya Kokugonza ilivyogawanywa. Kokugonza alikuwa bibi wa babu yetu mzaa mama, na alifariki kabla Wajerumani hawajafika. Kuona jina la mtu wetu kwenye faili la serikali kulinipa raha ya ajabu. Nilikaa saa ya chakula nikanakili ushahidi wote kwa mkono kwenye daftari langu, kurasa mbili.

Kokugonza hakuwa na shamba la migomba. Hilo lilikuwa la ukoo wa mumewe, na halikuwa lake akiwa hai wala akiwa amekufa. Mali yake ni ile aliyoipata kwa mikono yake au kwa ndugu zake: ng'ombe wawili waliotoka kwa kaka yake, majembe saba, nguo za magome ya miti, shanga na simbi zilizokuwa fedha ya siku zile, mikeka, vibuyu, na kikapu kikubwa cha buni, yaani kahawa ya kutafuna. Watoto wake walikuwa wanaume wawili na binti mmoja, Nyakato, aliyeolewa mbali. Nyakato aliporudi nyumba ilifagiwa, vitu vyote vikatolewa nje mchana kweupe, vikapangwa mafungu matatu. Mkubwa akachukua ng'ombe mmoja, majembe mawili, shanga na simbi. Wa pili akachukua ng'ombe aliyebaki, majembe mawili na nguo. Kisha shahidi akasema, na hapa nanukuu: "Akaja Nyakato, akachukua wa mwisho, fungu lililobaki." Lililobaki lilikuwa mikeka, vibuyu, majembe matatu na kikapu cha buni.

Hapo ndipo ukurasa wa kwanza unapoishia.

Mama yetu alipofariki mwaka 2006, aliacha kiwanja hiki cha Boko. Alikinunua mwaka 1989 kwa kushona sare za shule, wakati huku kulikuwa pori na watu wakimcheka. Alijenga nyumba ya vyumba vitatu upande wa barabarani. Wewe ndiye uliyekuwa unakuja naye kila Jumamosi kufyeka, na migomba iliyo kando ya nyumba uliipanda wewe. Mimi nilikuwa kazini, au nilisema niko kazini.

Kwenye kikao cha ukoo nilitoa karatasi niliyoipiga chapa vizuri, yenye tarehe na namba ya shauri, nikaisoma mbele ya wajomba. Ilikuwa ukurasa wa kwanza peke yake. Wajomba walitikisa vichwa, wakasema basi mambo ni yale yale tangu zamani, wanaume wanatangulia na mtoto wa kike anachukua kinachobaki. Nami nilikuwa mwanaume pekee. Ukapewa cherehani, sufuria mbili na vitenge vya mama. Nakumbuka ulisema, "Sawa, kaka," ukatia saini muhtasari ambao niliuandika mimi mwenyewe. Nilijua fika kwamba hakimu akiona saini ya binti hatakuwa na la kuuliza. Ulipanda basi na cherehani ukiwa umeipakata.

Basi turudi mwaka huu. Usiku wa kuamkia kikao nilitafuta ile karatasi ya chapa sikuiona. Asubuhi Monica akaikuta kwenye sanduku la chini, mchwa wameila wakabakiza namba ya shauri. Kwa kuwa nilikuwa nimeahidi, nilichukua daftari lenyewe. Nilijiambia kwamba nitasoma mimi, na hakuna atakayeligusa.

Nilisoma kama nilivyosoma mwaka 2006, kwa sauti ile ile ya kortini. Isack akashukuru. Akasema yeye atachukua nyumba na kiwanja, na dada yake abaki na kizimba cha ndizi, kwa sababu hata hivyo Jumamosi na Jumapili zote Jesca ndiye aliyekuwa akimsaidia mama pale. Alisema kwa upole, hakuwa na ubaya. Mtu akipewa njia na desturi haoni kwamba anamkanyaga mwenzake.

Jesca ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la nne. Alikuwa amekaa ubavuni kwangu kwenye mkeka. Aliomba daftari akasema anataka tu kuona mwandiko wa zamani. Ningefanya nini mbele ya watu kumi na wawili? Nikampa. Akasoma ukurasa wa kwanza kimya, akafunua. Niliona kidole chake kinatembea chini ya mistari, kama wanavyowafundisha watoto.

"Kaka Revelian," akasema, "shikamoo yako ninayo, lakini mbona hukumaliza kusoma?"

Kisha akasoma yeye, na nakunakilia hapa yote, maana sasa sina sababu ya kuacha hata nukta. Baraza lilimwuliza shahidi kwa nini Nyakato alichukua wa mwisho, je, ni kwa sababu ni mwanamke? Shahidi akajibu kwamba hapana, ni kwa sababu Nyakato ndiye aliyegawa. Katika nyumba yao mali ya mama iligawiwa na binti, kwa kuwa binti ndiye aliyejua kila kitu kilipokaa na kilitoka wapi. Na mwenye kugawa ilimpasa kuchukua wa mwisho, ili asijipendelee. Kama mafungu hayakulingana, wengine wangechukua manono na yeye angebaki na makapi, kwa hiyo aliyapima mpaka yakalingana. Shahidi akaongeza kwamba siku ile wale kaka wawili walibishana mpaka jua likageuka, kwa sababu kila mmoja alitaka kikapu cha buni na kila mmoja aliogopa kumwacha ng'ombe. Siku zile, alisema, kikapu kama kile kilipata ng'ombe bila maneno mengi.

Jesca akaliweka daftari katikati ya mkeka.

Isack aliniangalia. "Braza, ulikuwa unajua?"

Auleria, ningeweza kusema kwamba kurasa zilishikamana, au kwamba macho yangu ni mabovu. Nimewasikia wadaawa wakisema hivyo miaka thelathini na moja na nikaandika maneno yao bila kucheka. Lakini mwandiko ni wangu, na hata koma ni zangu.

"Nilijua," nikasema.

Nilijua mwaka 2006 pia. Hilo ndilo ninalotaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa Jesca, ingawa kwa jinsi wanawake wa ukoo wetu wanavyopigiana simu huenda nimechelewa. Nilipokuwa napiga chapa ule ukurasa wa kwanza, daftari lilikuwa wazi mbele yangu na ukurasa wa pili ulikuwa ng'ambo tu ya karatasi. Nilijiambia kwamba yaliyobaki ni maelezo ya shahidi, na kwamba korti hutazama kilichotendeka, haitazami maelezo. Nilikuwa nimepanga Temeke miaka kumi na tano, chumba na sebule, choo cha kugawana na watu wa nyumba nzima. Nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo nikitaka unionee huruma, nakueleza tu jinsi mtu anavyoacha kugeuza ukurasa.

Kwa hiyo wajomba hawakukosea peke yao. Waliona binti amechukua wa mwisho wakadhani binti ni wa mwisho, na mimi niliyejua sababu nikawaacha hivyo hivyo. Sijui koo nyingine zilikuwa na utaratibu gani. Ninachojua ni kwamba katika nyumba ya Kokugonza, zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, mwanamke alipokufa binti yake ndiye aliyesimama katikati ya ua na kugawa, na kaka zake walisubiri.

Nirudi kwa Isack, maana lazima nimtendee haki. Alikuna kidevu, kisha akamwambia dada yake, "Haya sista, gawa wewe." Akatoka nje kunywa maji. Jesca aliomba wiki mbili. Alikwenda Bunju akapima kiwanja kwa hatua, akarudi sokoni akakaa kwenye kizimba siku nzima kuona watu wanavyonunua, akazunguka nyumba ya Mabibo akihesabu nyufa. Halafu akaleta mafungu mawili: nyumba ya Mabibo upande mmoja, na upande wa pili kiwanja cha Bunju pamoja na kizimba.

Ungemwona Isack, ungecheka. Yeye aliyetaka nyumba na kiwanja siku ya kwanza sasa alishindwa kuchagua. Alinipigia simu mara nne kuniuliza mimi ningechukua lipi. Nilimwambia mimi si mtu wa kuulizwa tena. Mwishowe alichukua nyumba, na Jesca akabaki na Bunju na ndizi. Nilikuwepo, na nakuhakikishia hakuna aliyeondoka amenuna. Nimeandika mihtasari ya mirathi mingi maishani mwangu na sikumbuki mingine iliyoisha watu wakila pamoja.

Nilirudi Boko nikiwa na aibu kubwa. Nilipofika nilikaa nje kwenye ngazi za nyumba ya mama. Sikuingia ndani mpaka Monica alipokuja kuniuliza kama nimeibiwa simu.

Nikamweleza. Siku mbili hakunisemesha, chakula aliweka mezani akaondoka. Siku ya tatu akaja nikiwa nanyoa ndevu. "Mie siku zote nilijua tutahama hapa," akasema. "Nilidhani ni barabara ndiyo itatutoa. Kumbe ni wifi yangu." Kisha akaniuliza kama nimeshakuandikia. Hiyo ilikuwa mwezi wa tano. Nimechukua wiki nne kuandika, na hii ni nakala ya nne.

Sasa nakuomba jambo, na nakuomba kama mdogo anavyomwomba mkubwa, ingawa mimi ndiye niliyezaliwa kwanza. Mali ya mama yetu haijagawiwa. Kilichofanyika mwaka 2006 kilikuwa usomaji wangu, hakikuwa mgawanyo. Njoo Boko uigawe. Mahakamani nimeshaulizia. Kijana anayekaa kwenye meza yangu ya zamani ameniambia kwamba usimamizi wangu wa mirathi ya mama unaweza kufunguliwa upya tukileta muhtasari mpya wa ukoo wenye saini zetu wote wawili. Muhtasari huo safari hii utauandika wewe.

Ili ujue unachokuja kukikata: kiwanja kimenyooka toka barabarani mpaka korongoni. Mbele ni nyumba ya mama, niliyoiongeza chumba kimoja na kuiwekea bati jipya, na migomba yako ambayo imezaana mpaka imefika uzio wa jirani. Nyuma, kuanzia kwenye tangi la maji hadi korongoni, kuna msingi niliouchimba mwaka 2009 nikitaka kujenga nyumba kubwa ya kuwaonyesha watu. Haukupanda zaidi ya kozi tatu za matofali, sasa umeota nyasi. Mvua kubwa zikija maji ya korongo hufika hapo. Hayo yote nimekueleza kwa sababu mgawaji anatakiwa kujua. Bati na chumba nilichoongeza usivihesabu, nimekaa humo miaka kumi na tisa bila kukuuliza.

Sikuombi usahau. Uliondoka na cherehani mapajani ukaniambia sawa, na haikuwa sawa, na nilijua. Nimekukosea, mdogo wangu, na nimemkosea mama aliyekufyekesha pori hili akidhani anawawekea watoto wake wawili.

Nisalimie sana shemeji, umwambie aache kwenda shamba asubuhi kwenye ukungu na kifua kile. Nisalimie mama mkwe wako na majirani walionikaribisha kwenye harusi yenu, kama bado wapo. Tupokigwe, asante kwa kusoma. Kama sauti imekukwama mahali fulani, kunywa maji uendelee. Monica anawasalimu wote, na anasema wifi yake akija asishukie Mabibo. Jesca na Isack wanasalimu pia.

Mungu awatunze katika baridi hiyo, awape nguvu za magoti na usingizi mzuri, na awafikishe salama siku mtakayoamua kupanda basi.

Jambo la mwisho, nisije nikasahau. Kwa kuwa wewe ndiye unayegawa, mimi ndiye wa kwanza kuchagua, na nisingependa upoteze siku zako ukipima kama alivyofanya Jesca. Pitisha mpaka kwenye tangi la maji. Nimeshachagua: nachukua upande wa msingi. Usije ukausogeza mpaka huo kwa kunionea huruma.

Wako akupendaye, ambaye alipaswa kukuonyesha mapema zaidi,

Kaka yako,
Revelian.